Sindano ya Tatu

Muuguzi Nasimiyu hufungua jokofu kwa kiwiko,
hutoa kichupa, hukitikisa,
husoma tarehe yake kwa sauti kama anayeita shahidi.
"Mkono upi?"
Wa kushoto. Wa kulia ndio wa darubini,
na dawa hii huacha msuli umenuna siku mbili.

Hapa Kabete tunapokea ncha za masikio ya ng'ombe
ndani ya mfuko, ndani ya mfuko, ndani ya mfuko.
Walianguka ghafla, damu nyeusi puani, haigandi.
Mwenye ng'ombe hupiga simu na swali moja tu:
nyama yafaa?
Kibudu, mzee. Kibudu. Hata ngozi usiiguse.
Chimba shimo refu, mwaga chokaa.

Kimeta: jina lameta, kidonda hakimeti.
Cheusi tititi kama kaa lililozimwa,
wala hakiumi. Hapo ndipo ujanja wake.
Na mbegu zake hulala udongoni
hadi aliyechimba shimo asahaulike jina.

Ng'ombe ana ratiba nyepesi:
sindano moja chini ya ngozi ya shingo, kila mwaka kabla ya mvua,
kisha wiki sita asionyeshwe kisu.
Mimi nina kadi ya manjano:
leo, mwezi wa kwanza, wa sita,
wa kumi na mbili, wa kumi na nane,
kisha kila mwaka, maadamu naifungua mifuko ile.

Mbili za mwanzo nilizipata kwa wakati.
Ya tatu, alikwisha kuivuta dawa
alipouliza, kama aulizavyo kila mara, bila kuinua macho:
"Siku zako uliziona lini?"
Nikahesabu.
Nikahesabu tena.
Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya zahanati.
Akairudisha sindano kwenye trei.
"Basi hii itangoja."
Wakanihamishia chumba cha karatasi, nikigonga mihuri
juu ya vifo nisivyoruhusiwa kuvigusa.

Leo nimerudi. Miezi kumi na saba.
Nimejiandaa kuambiwa nianze tena alifu kwa kijiti.
"Hatuanzi upya," asema, akiifuta kadi vumbi.
"Mwili una daftari lake. Tunaendelea tulipoachia."

Mlangoni, Kyalo wa stoo amenishikia Mumbua,
mwenye kadi yake mwenyewe; Ijumaa ni zamu ya surua.
Pamba. Spiriti. Baridi begani.
Navuta pumzi, nakaza meno.

Anayelia ni yeye.