Swali Namba Kumi na Moja

Orodha ya leo niliichapa saa moja asubuhi,
nje bado usiku. Desemba ya Reykjavík
jua huja saa tano kama mdaiwa,
husalimu bila kuketi,
saa tisa na nusu limeshaaga.

Shughuli kumi na moja, karatasi mbele na nyuma.
Hati za kuwasilishwa mezani.
Maswali ya papo kwa papo.
Muswada wa mbwa wa kuongoza vipofu, kusomwa mara ya tatu.
Ya nne, tozo ya samaki, kusomwa mara ya pili,
na hapo nilijua, kama mpishi ajuavyo
chungu kitakachoungua.

Mkiani kabisa, mstari mmoja na nusu, wino uleule:
Ljótunn Hreiðarsdóttir kumuuliza Waziri wa Afya
ni lini mkunga atapelekwa Grýluvík.

Ljótunn ni mbunge wa wiki mbili.
Amekalia kiti cha mwenyewe, anayeugua mgongo;
kwao huendesha gari la kuzoa theluji.
Leo ni siku yake ya kumi na nne.
Aliniuliza mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyechelewa ibada:
"Kumi na moja hufika saa ngapi?"
Nikamwambia, inategemea samaki.

Spika akapiga kengele.
Mbwa walipita bila mpinzani, tukafurahi kidogo.
Kisha Snæbjörn akapanda mimbarini na bilauri tatu za maji.
Mwenye neno moja habebi bilauri tatu.
Alianza na babu yake, akaja kwenye chumvi, akatua kwenye nyavu,
akasoma takwimu, akazirudia takwimu,
akanukuu hotuba yake mwenyewe ya mwaka juzi.
Akashuka, mwenzake akapanda, akajibiwa,
akalijibu jibu.
Jua likaja, likagusa ukingo wa dirisha, likaondoka.
Aliyeinua kichwa ni Ljótunn peke yake.

Jioni supu ya kondoo. Ukumbini wakabaki wanne:
msemaji, Spika, mmoja aliyesinzia,
na yeye, na karatasi yake iliyokunjwa mara nne,
anaikunjua, anaisoma kwa midomo tu, anaikunja.
Nilimpelekea kahawa. Akanisimulia Februari:
barabara ya mlimani imefungwa,
yeye mbele na jembe la chuma, ambulensi nyuma yake,
na theluji inaziba kisogoni walichofungua usoni.
Saa sita nzima, kilomita arobaini.
Mama mwenyewe aliitwa Eyvör.
"Mtoto sasa anatambaa," akasema,
akatazama ndani ya kikombe.
Sikuuliza.

Saa sita usiku kasoro dakika nne
Spika akasema muda wetu umekwisha,
shughuli ya nne hadi ya kumi na moja zitapangiwa siku nyingine,
Bunge linaahirishwa hadi tarehe ishirini Januari,
Krismasi njema.
Viti vikalia sakafuni. Snæbjörn akapewa mikono,
bilauri ya tatu hakuigusa.

Hansadi nayo ni kazi yangu.
Kwa swali lisiloulizwa, kanuni inatoa neno moja,
nami nimeliandika miaka kumi na tisa bila kulisikia:
halikufikiwa.
Usiku ule kidole kilisita.
Nililifuta, nikatafuta jingine, hakuna,
nikalirudisha lilelile.

Swali huondoka na muulizaji wake.
Mwenye kiti mgongo umepona,
naye ana maswali yake, ya minara ya simu.
Ljótunn alinikabidhi kitambulisho, na kikombe,
alikuwa amekiosha.
Akauliza kama barabara ya kaskazini iko wazi.
Nikasema sijui, nikaona haya,
maana kati yetu wawili mjuzi wa barabara ni yeye.

Kabla ya kuzima taa nilichapa orodha ya Januari.
Samaki ndiyo ya kwanza.
Shughuli saba zote,
zimetosha upande mmoja wa karatasi.