Mibofyo Minne

Bwana Ogden kaja na birika la chai na kigoda,
kaketi mlangoni pa gereji kama aliyeitwa kuamua kesi.
"Lete hiyo springi." Nikampa.
Akaigeuza kiganjani, akaipuliza vumbi, akacheka:
mkono uleule, kabla kiwanda cha Attercliffe hakijafungwa,
ulizisokota nyekundu, zingali moto, miaka thelathini na mmoja.
"Hii imechoka. Imekaa kitako. Hata mimi nimekaa kitako."

Sheffield, mwezi wa tatu, mvua isiyojua kunyesha wala kuacha.
Gari langu liko juu ya stendi nne,
jekundu, dogo, milango miwili,
magurudumu yamevuliwa kama viatu msikitini.

Chumvi nilidhani nimeiacha Mtwapa.
Kumbe huku huimwaga barabarani kwa malori
iyeyushe barafu, kisha iitafute ile bolti moja
ambayo mtu anaihitaji Jumamosi asubuhi.
Nimeipaka mafuta. Nimeichoma moto.
Nimeitukana kwa Kiingereza, kwa Kiswahili,
mwishowe kwa Kigiriama cha bibi yangu,
na hapo ndipo ilipolegea.

Kamba hukatikia pabovu,
na pabovu palikuwa bushi: mpira umepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Ndiyo maana kila kona ya kulia
nikiuliza usukani leo, hunijibu kesho.

Mwenda pole hajikwai. Sawa.
Lakini nani alinunua gari hili aende pole?

Shokamzoba mpya zikaingia, za manjano,
utosini zina kitufe cha kuzungusha, tik, tik,
mibofyo kumi na miwili toka laini hadi ngumu.
Springi fupi. Gari litashuka vidole viwili.
Nikashika spana nikaze bushi zote palepale, hewani.
"Wee!" Ogden akatua kikombe.
"Lishushe kwanza. Lisimame, libebe uzito wake,
ndipo ukaze. Ukikaza likining'inia
mpira utaishi umejinyonga,
halafu uje kwangu kuuliza kwa nini umekatika."

Nilinyamaza. Yapo niliyoyakaza nikiwa hewani:
mkataba wa nyumba, ahadi kwa mama,
jina la mtoto kabla ya mtoto.

Nikalishusha. Nikakaza.
Kisha, Ogden alipokwenda zake, kwa ujuba,
nikazungusha vitufe vyote hadi mwisho.

Jumapili tulipanda Njia ya Nyoka kwenda Glossop,
Mwanakombo kapakata sufuria ya kuku wa nazi wa wifi yake.
Gari lilikaa barabarani kama meza ya seremala:
halilali, halisiti, halisamehe.
Nikatabasamu peke yangu.
Kila shimo lilipanda uti wa mgongo likibisha hodi.
Tulipolipita bwawa la Ladybower, kwenye kona yenye viraka vya lami,
gurudumu la nyuma liliruka, likakosa pa kushika,
na kwa kupepesa jicho
hapakuwa na dereva ndani ya gari lile, palikuwa na abiria wawili.
Mchuzi ukaamka.

"Gari lako," Mwanakombo akasema, akijifuta nazi gotini,
"haliishiki barabara. Linaipiga."
Hajawahi kugusa spana maishani mwake.

Nikaegesha karibu na kondoo wawili waliolowa.
Nikafungua boneti, nikahesabu kurudi nyuma:
moja. Mbili. Tatu.
Nikamtazama kupitia kioo. Nne.
Nyuma vilevile, nimejipenyeza butini, miguu nje mvuani.

Kona iliyofuata gari liliinama kidogo,
kama mtu anayetega sikio,
likakanyaga kiraka, likameza, likageuka.
Usukani ulinijibu leo hii hii.

Mwanakombo hakusema kitu.
Lakini niliona ameondoa mkono mmoja
juu ya kifuniko cha sufuria.