Kipimo cha Kichwa

Garimoshi: sentimita hamsini na nane,
paji pana, sikio la kushoto limejikunja
kama karanga iliyokosa mvua.
Moshi wa Urambo: hamsini na sita na nusu.
Nyuki wa Sikonge: sitini kamili. Kichwa mzinga.
Yote yamo kwenye daftari langu la twiga,
ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini,
na hata marehemu mume wangu hakulifungua.

Kanda aliileta Bruda Anselmo wa Meksiko,
aliyefundisha useremala pale misheni.
Jumatatu ya Pasaka akaitia kwenye video:
wanaume wenye nyuso za fedha, za samawati, za miali ya moto,
wanajitupa kutoka kwenye kamba za ulingo
kama watu waliosamehewa uzito.
Ilikuwa sherehe ya kuwaenzi wakongwe wao.
Babu mmoja alipanda kwa kushikwa mkono,
barakoa usoni, tumbo mbele,
na ukumbi mzima ukalia.
"Kwetu," Bruda akasema, "mtu huzikwa nayo.
Ukimvua, umemuua kabla ya Mungu."

Vijana wa karakana ya reli hawakucheka.
Kesho yake wakanijia dukani, Ng'ambo,
mmoja alfajiri, mmoja adhuhuri, mmoja nimeshafunga,
kila mmoja akijua yuko peke yake:
"Fundi, una kitambaa kinachovutika?"

Wakapigana miaka kumi na mmoja.
Ulingo wa mataruma, magodoro ya bweni,
kamba za kufungia marobota ya tumbaku.
Kiingilio shilingi, au mayai, au kikombe cha asali.
Mke wa Nyuki alikaa safu ya tatu
akipiga kelele, "Mchome! Mchome!"
kisha akirudi nyumbani kumkanda mumewe mgongo
na kumlaumu kwa kubeba vyuma vizito.

Leo Ukumbi wa Reli una spika na taa za rangi.
USIKU WA MAGWIJI, bango linasema,
herufi ya mwisho imebanwa, nafasi iliwaishia.
Viti vitatu.
Garimoshi amekuja na mkongojo.
Nilimwongezea upenyo wa miwani.
Cha Moshi kina barakoa tu, nimeishona juzi,
maana ile ya kwanza iko Urambo, chini, pamoja naye.

Kisha wakaita Nyuki.

Akaingia. Watu wakasimama, mabenchi yakaanguka.
Mimi nilitazama shingo.
Kitambaa kimekunjamana vidole viwili.
Sitini haikunjamani.
Akainua mkono wa kushoto. Nyuki huinua wa kulia.
Kwenye kucha, masalia ya hina.

Nyuki yuko Kitete tangu Jumanne,
wodi ya wanaume, mpira puani.
Na Jumatano Nyamizi, bintiye, alisimama mlangoni kwangu
na mfuko wa rambo kifuani:
"Shangazi, hii inaweza kupunguzwa?"
Nikamjibu vibaya. Nilikuwa na sare za shule kumi na nane.
"Barakoa haipunguzwi. Kaza kichwa kikue."
Akaondoka bila kuaga.

Sasa yuko pale, amepewa mkaja na ndoo ya asali,
na kijana mmoja mwenye kifua cha kutunisha
anamtania, anaunyooshea mkono ule uso.
Ukumbi ukameza mate.
Sikuona vizuri alivyomnyanyua.
Niliona tu soli za viatu vya kijana zikitazama dari,
halafu godoro likatoa vumbi la miaka yote ile.

Mtoto wa jirani akanivuta kanga:
"Bibi, ndiye mwenyewe?"
"Ndiye," nikasema. "Kaa chini."

Nimerudi. Taa ya chemli, umeme umekatika.
Nimefungua daftari, nimelamba penseli.
Nyuki wa Sikonge: hamsini na tano.
Sitini sijaifuta.