Fimbo ya Kusikilizia

Joho nililirudisha Ijumaa, lilikuwa la kukodi.
Jumatatu saa mbili nikawa mlangoni pa Idara ya Maji, Kutaisi,
viatu vipya vikiniuma visigino,
shahada ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba,
kana kwamba pangekuwa na mtu wa kuiomba.

Hakuna aliyeiomba.
Bi Lamara wa masijala alinipa kiti chenye mguu mfupi,
akanipa na kadibodi ya kuutegemeza,
akasema, "Aliyekutangulia alikaa hapo hapo,"
asiseme alikwenda wapi.
Jina langu Nutsa. Kwenye orodha ya posho
niliandikwa: mwanagenzi, mmoja.

Wiki ya kwanza nilitoa nakala.
Wiki ya pili nilitoa nakala za nakala.
Nami najua kanuni za maji yanayokimbia,
najua kuyakokotoa katika bomba la kipenyo chochote,
nilipata alama tisini na nne,
na mama alizitangaza kwenye ngazi zote za ghorofa yetu
mpaka jirani wa chini akaja kuniuliza
kwa nini bafu lake linanuka.

Wiki ya tatu wakanipeleka kwa Nugzar.

Nugzar hufanya kazi saa nane usiku,
mji ukishazima redio na ugomvi.
Ana fimbo ya mti wa mjozi, ndefu kama mtoto wa miaka kumi:
ncha moja juu ya koki, ya pili sikioni.
Hufumba macho.
Kisha huchora msalaba wa chaki kwenye lami,
na asubuhi watu wa sululu huchimba hapo,
na maji yapo.

"Sikiliza," akasema, akanipa fimbo.
Nikasikiliza.
Nikasikia mti.
Usiku wa pili nikasikia baridi. Wa tatu, mbwa wa watu.
Wa nne, tumbo langu.
Hakuuliza. Alinimegea mkate wake na jibini,
tukaketi ukingoni mwa barabara, mto Rioni ukinguruma kule chini,
maji mengi yasiyohitaji kutafutwa na mtu.

Usiku wa tisa niliona haya.
Miaka ishirini na mitatu ya umri, kumi na saba ya madarasa,
na sisikii kinachosikiwa na mzee
asiyejua kuwasha kompyuta.
Nikasimika fimbo mbele ya duka la kinyozi,
nikafumba macho kama afumbavyo yeye,
nikasema, "Hapa. Yapo."
Alinitazama kidogo. Akanipa chaki.

Wakachimba mpaka kiunoni.
Udongo mkavu kama unga.
Kinyozi Zaliko alisimama na mkasi mkononi,
mteja wake kanyolewa nusu,
akatulaani sisi na waliotuzaa.
Nilingoja jina langu litajwe. Siku nzima shingo ilinijaa joto.
Jioni, nikitoa nakala, fomu ya hasara ikapita mikononi mwangu:
*Aliyeonyesha mahali*,
na mbele yake, kwa kalamu inayovuja,
Nugzar.

Usiku ule nilifika kabla yake.
"Sisikii," nikasema. "Sijawahi kusikia."
"Hata kidogo?"
"Kuna kitu kinagonga. Du, du. Kwa mbali.
Lakini ni kilekile kila mtaa."
Akacheka. Kumbe ana jino la dhahabu.
"Hiyo ni damu yako, binti.
Mimi nilichimbisha mji huu miaka miwili nikiifuata yangu.
Ijue kwanza. Ukishaijua, iondoe.
Kitakachobaki..."
Akaniachia fimbo, akaenda kuwasha sigara.

Nikainama tena. Du, du.
Nikaingoja ipite, kama mtu anavyomngoja mgeni msemaji amalize.
Haikupita.
Ila nyuma yake, au labda nilitamani tu,
kitu chembamba,
kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

Sikuomba chaki.