Mdomo wa Moshi

Boti ya Mwaisaka haikujengwa kwa mizigo.
Ilijengwa imvute mtu aliyesimama majini
na mbao mbili miguuni, anacheka.
Hayo nimesimuliwa. Sijawahi kuyaona.
Nilichokiona Matema, juu ya magogo manne,
ni shetri lenye kidonda.

Mdomo wa moshi umeliwa.
Flanji imechanika. Kati ya skrubu sita mbili zimebaki,
na hizo mbili zinazunguka bila kushika,
kama mtu anayekuitikia tu ili uondoke.

Nikaingiza kidole nyuma ya faiba.
Kikatoka na mbao nyeusi, iliyolowa,
laini kama ugali wa juzi.
Ziwa lilikuwa linaingia kimyakimya,
miaka mingapi sijui,
kila boti ilipopunguza mwendo
na wimbi lake lenyewe likaijia nyuma.

Ndipo nikakiona kifuniko.
Kilitakiwa kuwa mpira wa kiwandani.
Hiki kilikuwa soli ya ndala ya buluu
iliyokatwa duara kwa wembe,
ikashonwa kwa uzi wa nyavu, mishono kumi na mmoja,
fundo la mwisho limepinda kushoto.

Namjua mwenye fundo hilo.
Alinifundisha kushika spana,
kisha akaenda Tunduma kununua pistoni,
mwaka ule wa mafuriko,
na pistoni bado hazijafika.

Sikumwambia Mwaisaka.
Nilimwambia bei.

Nikapanda gari la kakao mpaka Mbeya,
bomba bovu mapajani, limefungwa kwenye kanga.
Tukuyu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye taa.
Mwanjelwa, duka la kwanza, wakacheka:
"Boti? Dada, hapa tuna Fuso."
La pili wakanipimia bomba la Fuso.
Asukile mkereza vyuma hakucheka wala hakuuliza.
Alilipindua, akapuliza kutu,
akalisogeza dirishani kama daktari na picha ya mbavu,
akasema, "Njoo saa tisa."

Jipya liling'aa. Matundu yake hayakuoana na ya zamani.
Hilo huambiwi dukani:
kipya huja na matundu yake.
Basi kabla ya kufunga, ziba.
Nikachokonoa uozo mpaka nikakuta mbao
inayolia kikavu ukiigonga,
nikaliachia jua la Kyela siku mbili
(ya tatu ilinyesha, nikaanza kuhesabu upya),
resini, kitambaa cha faiba, resini,
msasa mpaka vidole vikapoteza alama zake.
Halafu drili, polepole, kutoka nje kwenda ndani,
maana ukiwa na haraka rangi hupasuka
ikaacha ufa kama wa yai.
Gundi nyeusi kuzunguka flanji.
Skrubu sikukaza moja mpaka mwisho:
hii kidogo, ya mkabala wake kidogo,
hadi gundi ikachungulia pembezoni sawasawa
kama mchuzi kwenye kingo za sufuria.

Jumamosi tukaisukuma, watu saba.
Injini ikakohoa, ikatema maji, ikatema moshi,
kisha vyote pamoja, ndivyo inavyotakiwa.
Nililala kifudifudi, tochi mdomoni,
nikitazama upande wa ndani.
Kavu.
Dakika tano.
Kavu.
Mwaisaka akauliza kama sasa inaweza kuvuta mtu.
Nikamwambia itakuletea vyungu kutoka Ikombe
bila kulowesha hata kimoja;
mtu atajijua mwenyewe.

Kifuniko kipya ni mpira mweusi, hakina mshono.
Kinapiga, pa, pa, kila moshi unapopita.
Ile soli nimeitundika kwenye msumari
karibu na spana namba kumi na tatu.
Wanaoingia huniuliza ni ya nani.
Nawaambia ni kipimo,
na sidanganyi:
duara lake lilikuwa sahihi
kuliko la Asukile, kwa milimita moja.