Mla Mchanga

Sinyora Ornella alipouza nyumba yake ya Casuarina
nilikuwa namdai miezi miwili:
friji tatu, kiyoyozi cha chumbani,
na ile pampu ya bwawa iliyonila kucha.
Akanilipa samaki wanne na kioo chao.

"Mababu zao ni wa mito ya Amerika ya Kusini," akasema,
"maji matamu, mchanga laini.
Wanakula mchanga, Dzombo. Usiwawekee kokoto,
utawachana midomo."

Tukapanda tuktuk, kioo kimevikwa shuka,
samaki ndani ya ndoo mbili za rangi, hadi Muyeye,
ambako majirani walitoka kuangalia kitoweo.

"Hawajai hata sahani," alisema Bi Nyevu wa duka.
Nikamwambia hawaliwi.
"Hawaliwi! Na wao wanakula nini?"
Mchanga.
Kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua
fundi wa friji kalipwa midomo.

Maji yetu ya mfereji yana chumvi,
tazama birika, tazama utando wake mweupe.
Nikatega mvua ya bati kwenye pipa la buluu,
nikajifunza kuyaonja maji
kwa ncha ya ulimi, macho nimefumba.

Mchanga wa pwani nao unameta, unatamanisha,
ila una chumvi na vigae vya kombe.
Nikashuka Sabaki, chini ya daraja,
nikarudi na nusu gunia begani,
nikauosha maji kumi na moja
mpaka la mwisho likatoka halina la kuficha.

Sasa kila asubuhi naona kazi inavyofanywa.
Anainama, anajaza kinywa,
anatafuna polepole
kama mtu anayelitafuta jina alilolisahau,
na mchanga unamvuja mashavuni,
mwembamba, unga wa chekecheo,
unarudi chini ulikotoka.
Anachotema ni kingi.
Anachomeza sijawahi kukiona.

Mbeyu wangu ana mimba ya miezi sita.
Naye ana udongo wake, wa shilingi kumi,
vipande vitatu kwenye karatasi ya daftari.
Kliniki wamemkataza, kwa hiyo anauficha chini ya mto,
na mimi, ninayetandika kitanda, siuoni.
Jioni hukaa mkekani mbele ya kioo,
yeye anatafuna, yule anatafuna,
na nyumba nzima inasikika krrp, krrp,
ingawa samaki hana sauti.

Usiku mmoja stima zikapotea saa saba.
Pampu ikanyamaza, na kimya chake kikaniamsha.
Wanne wote walikuwa juu, midomo wazi,
wanaunywa upepo.
Nikachukua kikombe, nikachota, nikamimina kutoka juu,
nikachota, nikamimina,
mkono ukafa ganzi hadi bega.
Mbeyu akakipokea bila neno.
Tulipokezana kikombe hicho mpaka adhana.

Kisha jike akataga juu ya jiwe.
Siku ya tatu jiwe lilikuwa tupu.
Kidevu chake kimevimba, hainami, hali, hachekechi,
amejibanza pembeni kama mwenye jipu la jino.
Nikasema: amewala wanawe.
Mbeyu akasema: ngoja.

Nikangoja kwa hasira, siku nane, tisa.
Ijumaa, nikiwa na bisibisi mkononi,
akafungua kinywa
na vikatoka vitu vidogo kuliko ufuta,
vina macho,
vikaelea mbele ya uso wake kama mvuke wa maneno.
Bisibisi ikaniponyoka, ikagonga sakafu.
Vyote vikarudi ndani. Mlango ukafungwa.

Mbeyu alitema udongo kiganjani,
akautazama kidogo,
akaurudisha mdomoni.

Sinyora hakuniambia habari hii.
Au aliniambia, kwa Kitaliano, pale getini,
nami nilikuwa nahesabu miezi.