Safu ya Nne

Mashine ya mtihani ni Toshiba kongwe,
herufi K imeng'oka, imebaki chuchu ya mpira.
Haina picha ya harusi, haina nywila ya benki.
Nimeilisha sumu kwa mkono wangu mwenyewe,
programu jasusi ishirini na mbili,
nikaziandika moja moja kwenye kaunta buku
kama mhudumu wa gesti anavyoandika wageni:
jina, utokako, uendako, saa ya kuingia.

Mtaa wa Agrey, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge.
Shedafa anashika saa. Mimi nabonyeza.

Ya kwanza iliingia na ving'ora.
Skrini nzima nyekundu: hatari mia sita na kumi na nne!
Shedafa akashika kichwa.
Tulia, nikamwambia, soma.
Mia tano tisini na nane ni makombo tu,
nyayo za kila tovuti tuliyokanyaga.
Kumi na sita, sawa, ni wezi wa kweli,
ila kuwatoa ni elfu sabini na tano kwa mwaka.
Debe.
Nikaandika: imeona kumi na sita. Imeng'oa sifuri.

Ya pili ilifika asilimia themanini na saba, Luku ikaisha.
Tukala mihogo gizani. Tukanunua yuniti za elfu mbili, tukaanza upya.
Ikaona kumi na tisa, ikafuta kumi na tisa,
ikaweka tiki ya kijani, ya kupendeza.
Nikazima. Nikawasha.
Nane zilikuwa zimerudi, kila moja mahali pake,
kama kunguni wa gesti ileile baada ya dawa.

Ya tatu haikusema kitu kwa dakika hamsini na mbili.
Kumi na nne ilizoziona zilitoka, hazikurudi.
Ila pamoja nazo ikaitupa nje
programu ya hesabu ya kijana mmoja wa Mbagala,
isiyo na kosa lolote
isipokuwa haina ukoo.
Nikairudisha. Nikakata alama mbili.

Imeona. Imeng'oa. Imesingizia.
Safu tatu. Nilidhani zinatosha.

Alhamisi akaja Bi Mwanahija, mshona sare wa Ilala Bungoni,
laptopu kaifunga kwa kipande cha kitambaa cha kaki.
Zabuni tatu za shule zimempita, fundi,
na kila mara aliyeshinda kamzidi kwa shilingi elfu moja.
Si mia tisa. Si elfu mbili.

Nikazipitisha zote tatu.
Safi. Safi. Safi.
Hata lile debe lilinyamaza.

Nikalala dukani. Nikafunga kila kitu, nikaandika barua ya uongo,
bei ya uongo, nikaiangalia taa ya modemu.
Dakika kumi: ikakonyeza.
Nikaandika tena. Kumi: ikakonyeza.

Ilikuwa na leseni. Ilikuwa na risiti.
Ilijiita msimamizi wa kazi, masharti yake yamekubaliwa,
Idi pili, saa tano usiku.

Asubuhi Bi Mwanahija akahesabu kwa vidole, akaacha kabla hajamaliza.
"Aliyeniwekea sawa kompyuta siku hiyo
alikuwa amekula biriani kwangu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema,
kwa kukosa la kusema.

Akaupapasa upindo wa kile kitambaa.
"Mimi nguo nashona, fundi.
Nguo hiyo niulize alishona nani."

Nikaing'oa. Nikachora safu ya nne kwa rula,
juu yake nikaandika: nani aliiweka.
Shedafa akauliza, zote tatu tunazipa ngapi hapo?
Acha wazi.

Mlangoni Bi Mwanahija akageuka, akamtazama Shedafa
juu mpaka chini, mara moja tu.
"Shati lako, mkono wa kushoto umezidi nusu inchi."

Alipoondoka tukapima kwa rula ileile.
Nusu inchi kamili.